Lwanda Magere na Kivuli Chake

Ukitoka Kisumu kuelekea Ahero unapita katika uwanda wa Kano, nchi ya mashamba ya mpunga na ya mafuriko. Katika uwanda huo lipo jiwe ambalo kwa Wajaluo si jiwe tu, ni mume wa mtu. Wawindaji wa zamani walinoa mikuki yao hapo kabla ya kuingia porini, wakiamini hawatarudi mikono mitupu. Jiwe hilo ni Lwanda Magere.

Aliishi miaka mingi kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, katika ukoo wa Sidho. Lwanda kwa Kijaluo ni mwamba, na ndivyo anavyosimuliwa: mkuki ulimgonga ukaanguka chini. Kano na Wanandi walipigania ng'ombe na malisho, na kila Lwanda aliposimama mbele, Wanandi walirudi milimani wakiwa wamepungua.

Basi wakaleta shauri la amani. Wakamtoa binti yao mzuri awe mke wa shujaa. Wazee wa Kano walikataa katakata, lakini Lwanda akamchukua. Alikuwa tayari na mke mkubwa, ambaye kwa Kijaluo huitwa mikayi, yule ambaye nyumba yake hutazama lango la boma. Wasimulizi hupita hapa haraka, wakikimbilia usiku wa kutoroka. Mimi husita. Mikayi hakuulizwa lolote. Na yule binti, naye nani alimuuliza? Alitolewa kama fahali wa kusuluhisha ugomvi, tena akiwa ametumwa kazi na watu wake. Hivyo nyumba ile ilikuwa na ufa kabla mtu yeyote hajamsaliti mwenzake.

Siku moja Lwanda akaugua, na mikayi hakuwapo. Bibi mdogo ndiye aliyekaa kando yake. Maumivu yalipozidi, akamwambia achukue kisu, achanje si mwili wake bali kivuli chake, kisha apake dawa pale. Mwanamke akashangaa, lakini akafanya. Kivuli kikatoka damu. Mgonjwa akapata nafuu.

Hapo tufikirini kidogo, enyi mume na mke. Mwili wa Lwanda kila mtu aliuona vitani. Kivuli kilikuwa mbele ya macho ya watu wote vilevile, ila hakuna aliyejua kwamba uhai wake umo humo, isipokuwa wa nyumbani. Wengi watamkumbuka Samsoni na Delila. Lakini Samsoni alisumbuliwa siku baada ya siku mpaka akachoka. Huyu alisema kwa sababu alihitaji kuuguzwa, na hilo si kosa. Mume asiyeweza kumwonyesha mkewe panapouma atatibiwa na nani?

Usiku mwanamke akatoroka, akapeleka siri kwao. Vita viliporudi, mkuki ukalengwa kivulini. Lwanda akaanguka, akawa mwamba.

Usaliti huu haukuwa wa kitandani. Ni ule ambao hata nyumba zenye heshima huufanya bila kuungama: deni la mume linafika kwa shemeji zake kabla ya jioni, ugonjwa wa mke unajadiliwa na mama mkwe na majirani. Msemaji hujitetea kwamba alikuwa akitafuta msaada, na mara nyingine ni kweli.

Na msamaha? Mwingereza Shakespeare, katika soneti zake zilizochapishwa mwaka 1609, alitumia maua na mawingu kumtetea rafiki aliyemkosea, kisha akajilaumu mwenyewe kwa kumtetea mno. Alijua kwamba kuna kusamehe kunakofanana na kufunika kidonda kikiwa na usaha. Hadithi ya Kano haina hata hilo. Masimulizi yanamwacha mwanamke milimani na mwanamume uwandani, wala hawakutani tena. Hakuna aliyerudi kusema nimekosa, na hakuna aliyebaki wa kumjibu.

Nataja jambo hili kwa sababu hadithi hii inaweza kugeuzwa kuwa fimbo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1991 mapigano yalizuka Meteitei, Tinderet, karibu na mpaka wa Wanandi na Wajaluo. Ndoa za mchanganyiko zipo pande zote mbili za mpaka huo. Mke aliyeolewa ng'ambo akitupiwa jina la yule mwanamke wa Lwanda, hata kwa mzaha mezani, anaambiwa kwamba atasubiriwa daima akimbie usiku. Mume wake akicheka pamoja nao, amekwisha kumtoa nje ya boma. Jioni hiyo, wageni wakiisha kuondoka, afadhali mume aanze yeye: amwambie mkewe kwamba alicheka na kwamba alikosa, kisha amwache aseme lililomuuma, hata likichukua usiku kucha.