Barua Iliyohifadhi Maisha ya Tabibu Al-Razi



Ndugu mwanafunzi, bila shaka umewahi kusikia jina la Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Al-Razi, mmoja wa matabibu wakubwa kabisa waliowahi kutokea katika miji ya Waislamu. Lakini je, umewahi kujiuliza habari zake zimetufikiaje, na yeye amefariki zaidi ya miaka 1,000 iliyopita? Sehemu kubwa ya jawabu imo ndani ya barua moja.

Swali na jawabu

Mtu mmoja alimwandikia mwanachuoni Abu Rayhan Al-Biruni kutaka kujua Al-Razi aliishi zama gani na aliandika vitabu gani. Al-Biruni alizaliwa Khwarizm mwaka 362 Hijria (973 Miladia), na wakati huo alikuwa mzee wa miaka 65 ya Hijria. Alikuwa bingwa wa nyota, hesabu na tarehe za mataifa. Ilikuwa mwaka 427 Hijria (1036), na Al-Razi alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka 100.

Al-Biruni hakujibu kwa maneno mawili matatu. Alikusanya, akahesabu, akapanga. Akaorodhesha vitabu na risala 184 za Al-Razi, kila fani mahali pake, na 56 kati ya hizo ni za utabibu. Kisha akaongeza orodha ya vitabu vyake mwenyewe, ambavyo navyo vilishapindukia 100. Kwa hiyo muulizaji aliuliza habari za mtu mmoja, tukapata habari za watu wawili.

Maisha ya Al-Razi

Kwa mujibu wa barua hiyo, Al-Razi alizaliwa katika mji wa Rayy tarehe 1 Shaaban mwaka 251 Hijria (865). Mji huo uko Iran, na leo umeungana na jiji la Tehran. Alifariki huko huko Rayy tarehe 5 Shaaban mwaka 313 (925), akiwa na umri wa miaka 62 na siku chache. Ni watu wachache wa zama zile ambao tunaijua siku ya kuzaliwa kwao kwa uhakika wa namna hii.

Katika ujana wake alijishughulisha na alkemia, yaani elimu ya kujaribu kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Moshi na mvuke wa moto vikamdhuru macho. Akahangaika kutafuta tiba, na kutafuta huko kukamfikisha kwenye utabibu wenyewe. Alisimamia hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad.

Al-Biruni anasimulia alivyokuwa na bidii ya kusoma. Usiku aliweka taa katika shubaka la ukutani, akakiegemeza kitabu mbele yake, ili usingizi ukimchukua kitabu kianguke na kumwamsha. Mwishoni mwa umri wake alipofuka.

Mwandishi mwingine, Ibn al-Nadim, ambaye alitangulia kidogo kabla ya Al-Biruni, ameeleza namna alivyofundisha. Aliketi mbele ya safu za wanafunzi. Mgonjwa akija, aliwakuta kwanza wanafunzi wa safu ya nje. Wakishindwa, anapelekwa kwa wale wa ndani. Wakishindwa wote, ndipo Al-Razi mwenyewe anasema. Na alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkarimu kwa mafakiri.

Miongoni mwa vitabu vyake ni risala ya ndui na surua, ambamo alieleza waziwazi namna ya kuyatofautisha maradhi hayo mawili. Aliandika pia kitabu kwa ajili ya mtu asiye na tabibu wa kumtibu. Kitabu chake kikubwa, Al-Hawi, kilikusanywa kutokana na maandishi yake baada ya kufa kwake, na mwaka 1279 kikafasiriwa kwa Kilatini.

Uadilifu wa Al-Biruni

Hapa ndipo penye jambo zito. Al-Razi alisema mambo katika itikadi ambayo maulamaa waliyakataa, na Al-Biruni ni mmoja wa waliomlaumu. Ndani ya barua hiyo hiyo alieleza kwamba anaiandika kwa kumheshimu aliyeuliza, maana alichelea watu wasije wakamdhania kuwa naye ni mfuasi wa rai hizo.

Angeweza kukataa kujibu, au akaficha nusu ya kazi za Al-Razi na kutaja makosa yake tu. Hakufanya hivyo. Alitaja lililo zuri, akatahadharisha lililo baya, wala hakuchanganya. Nasi tunajua Qur'ani inavyotuamrisha kufanya uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao (Suratul Maida, aya ya 8).

Faida ya tarehe

Kuna kisa mashuhuri kwamba Al-Razi alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za Baghdad, na pale nyama ilipochelewa kuoza ndipo akashauri ijengwe hospitali ya Adudi. Kisa kinapendeza. Lakini hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 372 Hijria (982), miaka 57 ya Miladia baada ya Al-Razi kufariki! Ibn Abi Usaybia, mwanahistoria wa matabibu aliyefariki mwaka 668 Hijria (1270), aliliona tatizo hilo na akalieleza. Tarehe moja iliyoandikwa vizuri inatuzuia kumsingizia maiti jambo ambalo huenda hakulifanya.

Mafunzo tunayoyapata

1. Kuuliza ni ufunguo wa elimu. Jina la aliyeuliza halitajwi siku hizi, lakini faida ya swali lake tunaila mpaka leo.

2. Tukimzungumza mtu, hasa aliyekwisha kufa, tuseme la kweli. Tusimzidishie sifa kwa kumpenda, wala tusimpunguzie haki yake kwa kutokubaliana naye.

3. Tuandike. Babu na bibi zetu wanajua nani alijenga msikiti wa mtaa, nani alisomesha chuo cha kwanza, na mwaka gani. Wazazi, wasaidieni watoto wawaulize wazee hao na kuyaandika majibu pamoja na tarehe zake. Mzee akifariki hajaulizwa, anazikwa na elimu yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kuwa wakweli katika tunayoyasema na tunayoyaandika. Amin.