Bibi Salme wa Unguja: Mjane Aliyeishi kwa Kufundisha Lugha Ugenini

Muumini anayetoka Michenzani kwenda kusali Minara Miwili huyaacha nyuma yake yale majengo marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, huvuka Darajani, kisha huingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Habari ya Wajerumani waliokuja kutujengea nyumba inajulikana sana. Habari ya Mzanzibari aliyekwenda kuwafundisha Wajerumani haijulikani kwa kiasi hicho, ijapokuwa ilitangulia kwa takribani miaka mia moja, na baadhi ya miji alimoishi, yaani Dresden na Rudolstadt, ndiyo hiyo iliyokuja kuwa ndani ya mipaka ya Ujerumani ya Mashariki. Alikuwa mwanamke, mjane, mama wa watoto watatu. Alikuwa pia binti wa Sultani.

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Kicherkesi, aliyetekwa nyara akiwa mtoto mdogo katika vita vya kwao na kuuzwa. Kasri lile lilikuwa na lugha nyingi. Mbele ya Sultani ilipasa kusemwa Kiarabu, lakini alipogeuka tu zilisikika Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi na Kihabeshi. Mtoto aliyekulia humo alijifunza mapema kwamba kila mtu ana mlango wake wa kuingilia, na kwamba mlango huo ni lugha yake.

Watoto wa kasri walifundishwa kusoma Kurani na mwalimu wa kike aliyetoka Omani, mkali kwa fimbo. Kuandika lilikuwa jambo jingine: wavulana walifundishwa, wasichana hawakufundishwa. Salme hakuridhika na mpango huo. Alichukua mfupa bapa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akaanza kunakili kwa siri herufi za Kurani moja baada ya nyingine, hata mkono wake ukazoea. Ilipofichuka, alilaumiwa sana. Hata hivyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya kile alichokwisha kukijua.

Elimu hiyo ilimtia kwanza katika matatizo. Baba yake alifariki mwaka 1856, na mama yake akafuata mwaka 1859 kwa kipindupindu. Mwaka huohuo Barghash alikula njama ya kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, na wale waliokuwa upande wake walihitaji mtu wa kuwaandikia barua za siri. Binti wa miaka kumi na mitano akawa karani wa uasi. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki akitazamwa kwa jicho la shaka na pande zote mbili, ingawa Majid, aliyekuwa mpole kwake, hakumwadhibu.

Hapa tunakutana na historia ya Kanisa letu. Mwishoni mwa mwaka 1860 Padre Armand Fava na wenzake, pamoja na masista wa Mabinti wa Maria kutoka Réunion, walifika Unguja, wakafungua hospitali na shule. Mamisionari wa Roho Mtakatifu waliwapokea kazi hiyo muda mfupi baadaye, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Walikuwa wageni kabisa, walioijua lugha ya watu kwa shida, na walifanya yote hayo kwa idhini ya Sultani Majid. Nalitaja hili kwa sababu kaka alikuwa akiwaruhusu wageni kufundisha nyumbani kwake katika miaka ileile ambayo dada yake alikuwa anakaribia kuwa mgeni nyumbani kwa wengine.

Jirani yake mjini alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Nyumba zao zilikabiliana, madarini wakaonana, wakapendana, na Salme akapata mimba. Kwa sheria na heshima ya nchi hiyo ilikuwa hatari ya kifo. Mwezi Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer hadi Aden, akajifungua mtoto wa kiume huko, akamngoja Ruete kwa miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Kianglikana, akapewa jina Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa. Mara wakapanda meli kuelekea Ulaya. Mtoto wao alifariki wakiwa njiani.

Mchungaji yeyote anayesoma mfuatano huo hana budi kusimama kidogo. Ubatizo na ndoa vilifanyika siku moja, na safari ikafuata. Salme mwenyewe baadaye aliandika kwa uchungu kwamba alikuwa amefundishwa machache mno juu ya imani aliyoipokea, na kwamba kwa muda mrefu alijiona hayuko huku wala kule: ameiacha sala ya utoto wake bila kushikwa mkono katika sala mpya. Sisemi hivi ili kuwahukumu waliombatiza, wala simwandiki hapa kwa kushangilia kwamba alitoka dini moja kuingia nyingine. Tunaishi na ndugu zetu Waislamu kuta kwa kuta, na jeraha hilo kwa ukoo wake lilikuwa kubwa. Nasema kwa sababu jambo hili hutufikia maofisini mwetu hata leo: mchumba anayetaka kubatizwa upesi kwa kuwa tarehe ya harusi imekwisha kupangwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporudisha ukatekumeni wa watu wazima wenye hatua zake, ulikusudia kwamba mtu asiingizwe mlangoni na kuachwa ukumbini peke yake.

Huko Hamburg, nyumbani kwao, lugha ya mume na mke ilikuwa Kiswahili. Ruete alikijua, na ndicho kilichokuwa daraja lao wakati Salme akijifunza Kijerumani. Walipata watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Mwezi Agosti 1870, Rosalie akiwa na miezi michache tu, Ruete alianguka kutoka kwenye tramu iliyokokotwa na farasi, akakanyagwa, na baada ya siku chache akafariki. Salme alikuwa hajatimiza miaka ishirini na sita. Mtu pekee aliyeweza kuzungumza naye kwa lugha ya nyumbani alikuwa ameondoka.

Torati hutaja pamoja, mara kwa mara, watu watatu ambao Mungu mwenyewe hujifanya mtetezi wao: mgeni, mjane na yatima. Katika chumba kimoja cha Hamburg walikuwamo wote watatu. Sheria ya mji haikumruhusu mjane kuisimamia peke yake mali ya mumewe, nayo ikawekwa chini ya wasimamizi. Urithi wake wa Unguja ulizuiliwa. Basi akauza vitu, akahama kutoka nyumba kubwa kwenda ndogo, na kutoka mji wenye gharama kwenda mji wenye nafuu, akapita Dresden, Rudolstadt, Berlin na hata Köln.

Ndipo akafundisha. Alitoa masomo ya Kiarabu na Kiswahili kwa malipo, kwa yeyote aliyetaka kujifunza. Shule yake haikuwa na kibao mlangoni, wala jengo, wala msaidizi; shule ilikuwa ni yeye mwenyewe. Anayefundisha kwa namna hii hana mshahara. Mwanafunzi akiugua, hakuna kipato. Akisafiri, hakuna kipato. Akikata tamaa katikati ya njia, mwalimu huanza upya kutafuta mwingine. Na Kiswahili kwa Mzungu wa wakati ule kilikuwa safari bila ramani. Krapf alikuwa ametoa muhtasari wa sarufi yake huko Tübingen mwaka 1850, na Steere, Mwanglikana wa hapa Unguja, alitoa kitabu chake mwaka 1870, kwa Kiingereza. Kamusi kubwa ya Krapf haikuwa imetoka hadi mwaka 1882. Sisi tuliosukumwa seminarini kuingia katika Kilatini tukiwa na vitabu vya sarufi mikononi, na bado tukatoka jasho, tunaweza kukisia ugumu wa kumweleza Mjerumani kwa nini mti ni huu na miti ni hii, lakini kiti ni hiki na viti ni hivi, pasipo kitabu cha kumwonyesha kwa lugha yake.

Mwenye lugha tangu kuzaliwa hadhani kwamba lugha hiyo ina kanuni, kwa maana hakuzipitia kanuni alipoipata. Akitaka kuifundisha lazima ajifunze upya kile anachokijua, akitazame kwa macho ya yule asiyekijua. Salme alikuwa na faida moja juu ya wengi: aliwahi kuwa mwanafunzi bila mwalimu. Yule mfupa wa ngamia ulikuwa umemfundisha jinsi jambo linavyogawanywa vipande vidogo hata likashikika. Sanaa aliyokatazwa utotoni kwa kuwa ni mwanamke ikawa ndiyo mkate wa wanawe, katika nchi ambayo nayo ilimkatalia mengi kwa sababu hiyohiyo.

Alijaribu kurejea kwa wake. Mwaka 1875 Barghash, sasa Sultani, alipozuru London, Salme alimfuata huko. Wakuu wa Kiingereza wakamwomba asijitokeze mbele ya kaka yake, wakimwahidi msaada wa kuwasomesha watoto. Alipokubali, ahadi ikaondolewa. Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ilimrudisha Unguja pamoja na manowari zake, kwa kuwa madai yake ya urithi yaliwafaa katika kugombea mwambao. Walipokwisha kupata walichokitaka, hawakumhitaji tena. Barghash hakumpokea. Safari ya pili, mwaka 1888, nayo haikuzaa matunda.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake huko Berlin, alizoanza kuziandika kwa ajili ya wanawe. Ni kitabu chenye thamani kubwa kwa anayetaka kuyajua maisha ya ndani ya Unguja ya zamani. Lakini kina ukurasa ambao hatuwezi kuufunika. Ndani yake aliutetea utumwa, akiwalaumu Wazungu kwa haraka yao ya kuukomesha, na aliwasema watu weusi kwa dharau. Yeye ambaye mama yake alinunuliwa, na ambaye mashamba yake yalilimwa na watumwa. Jiji la Hamburg katika miaka ya karibuni liliupa uwanja mmoja jina lake, kisha likaliondoa kwa sababu hiyo. Sisi tunaoishi hatua chache kutoka Mkunazini, lilikokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, hatuna haja ya kuelezwa uzito wa neno hilo. Mtu aliyeonja kudharauliwa si lazima awaone wengine wanaodharauliwa. Masikini Salme hakuwaona.

Mwaka 1887 serikali ya Ujerumani ilifungua mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa somo rasmi kwa maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea koloni jipya. Kilichokuwa kazi ya mjane nyumbani sasa kilikuwa na madawati, maprofesa na bajeti, na Waswahili walioitwa kutoka pwani kuwa wasaidizi. Mwaka uliofuata Salme akaondoka Ujerumani. Aliishi Jaffa, kisha Beirut, kwa zaidi ya miaka ishirini, akisikia tena adhana na Kiarabu barabarani. Mwaka 1914 alirudi kwa wanawe.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe, pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokuwa amekitunza tangu safari zake za kurudi. Vitabu na karatasi zake vilipelekwa na mwanawe Leiden, Uholanzi. Miongoni mwake zilikuwamo barua ndefu alizomwandikia rafiki wa Unguja kuhusu miaka ile ya ujane na njaa, ambazo hakuzichapisha alipokuwa hai. Zilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1993.