Beeching, daktari aliyefuta stesheni za vijijini

Njia inayotoka East Grinstead, kusini mwa Uingereza, kuelekea mashariki inapita Forest Row, Hartfield na Withyham. Baa za vijiji hivyo bado zina wateja. Reli haipo. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1967 na tuta lake sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli.

Aliyependekeza hivyo, Dk Richard Beeching, hakuwa daktari wa hospitali. Alizaliwa Sheerness mwaka 1913, akasomea fizikia hadi shahada ya uzamivu, kisha akapanda vyeo katika kampuni ya kemikali ya ICI. Mwaka 1961 serikali ilimkabidhi reli za taifa kwa mshahara wa pauni 24,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ule wa Waziri Mkuu. Manung'uniko yakaanza hapo hapo.

Reli ilikuwa ikila hasara, huku malori yakinyakua mizigo. Beeching alitumia hesabu ya wiki moja ya Aprili 1961, akakuta theluthi moja ya njia inabeba asilimia 1 tu ya abiria. Ripoti yake ya Machi 1963 ilitaka stesheni 2,363 zifungwe, pamoja na takriban kilomita 8,000 za njia. Wapinzani walisema Aprili si msimu wa likizo za pwani, na walikuwa na hoja. Tena aliyenyimwa treni ya kijijini hakupanda basi kuifuata stesheni kubwa. Alinunua gari, na reli ikapoteza safari yake yote. Waziri aliyemteua, Ernest Marples, alitoka katika biashara ya ujenzi wa barabara, jambo ambalo wananchi hawakulisahau.

Kwenye mizigo, Beeching alikuwa na macho makali zaidi. Stesheni ya kijiji ilikuwa na yadi yake: makaa ya mawe yakishushwa, mifugo na mazao yakipakiwa, behewa moja moja. Aliona behewa linalosukumwa yadi hadi yadi linakula fedha kuliko linavyoingiza, akataka treni za kontena zinazokwenda moja kwa moja. Ya kwanza ilianza mwaka 1965, kati ya London na Glasgow. Mfanyabiashara anayesubiri kontena leo ataielewa hesabu hiyo mara moja. Mkulima mwenye mzigo mdogo alibaki kutafuta lori.

Chama cha Labour kiliahidi katika uchaguzi wa 1964 kusimamisha ufungaji mkubwa. Kilishinda, kikaendelea kufunga.

Beeching alirudi ICI mwaka 1965, akatunukiwa cheo cha Lord wa East Grinstead, alikokuwa akiishi. Alifariki mjini humo Machi 1985. Barabara ya magari iliyojengwa ndani ya bonde lililochimbwa kwa ajili ya reli ile iliyofungwa inaitwa Beeching Way.