Louis Braille: jicho moja lilitobolewa, yote mawili yakazimika

Maandishi ya vipofu, yale yanayosomwa kwa vidole, yalianzia kwenye jeraha la jicho. Jeraha kama lile linaloweza kumupata mutu anayepasua mawe Rubaya kule Masisi, ao Bisie kule Walikale.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 huko Coupvray, kijiji cha Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, anashona matandiko ya farasi. Mwaka 1812, mutoto akiwa na miaka 3, alichukua chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Kikateleza, kikaingia katika jicho.

Wazazi walitafuta waganga. Lakini wakati ule waganga hawakujua kama vijidudu ndivyo vinaleta usaha. Penisilini yenyewe iligunduliwa mwaka 1928. Jicho likaharibika, kisha la pili nalo likashikwa. Alipofika miaka 5 alikuwa kipofu kabisa. Wengi wanasema uchafu ulihama kutoka jicho moja hadi lingine. Waganga wa macho wa leo wanajua pia ugonjwa ambamo mwili, ukishitushwa na jicho lililotoboka, unageuka na kushambulia lile zima. Kwa hiyo kujifariji kwamba bado unabaki na lingine, hapana.

Tusimame hapa kidogo. Kipande cha jiwe, chuma ao mwiba kikiingia ndani ya jicho, usikivute. Usisugue, usiweke majani wala maziwa ya mama. Funika na kitu kisafi kisichokandamiza, kama kikombe kidogo, halafu uende hospitali siku ileile. Usaha ndani ya jicho unaweza kulimaliza kwa siku moja ao mbili. Kutoka vijiji vingine vya Walikale ni safari ndefu, tunajua. Ndiyo sababu usingoje kesho.

Mwaka 1819 Louis aliingia shule ya vipofu Paris. Akakuta nukta za kugusa za Charles Barbier, afisa wa jeshi, lakini zilikuwa nyingi na ngumu. Akazipunguza hadi 6, akiwa kijana wa miaka 15 tu! Kifaa cha kuchomea nukta hizo kwenye karatasi kinafanana na kile kilichomutoboa jicho.

Baadaye akawa mwalimu palepale. Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, na shule ikakubali rasmi maandishi yake mwaka 1854. Mwaka 1952 Ufaransa ilihamisha mwili wake hadi Panthéon, Paris, wanamozikwa wakubwa wa inchi. Mikono ilibakia Coupvray.