Lord Rayleigh: aliyeeleza buluu ya mbingu, leo anasaidia kuchunga maji ya maziwa

Satelite zinapiga picha za Ziwa Kivu na Tanganyika ili wataalamu wajue kama matope ya mito yameingia ao kama mwani wa kijani umezidi. Lakini satelite inatazama maji kupitia hewa yote iliyo juu yetu. Katika mwanga unaofika kwenye mashini, sehemu ya hewa inaweza kufika asilimia 90. Ziwa linabakia na kidogo tu. Kama ile ya hewa haikutolewa, picha inadanganya, na anayechota maji ya kunywa ndiye anaumia.

Aliyefungua njia ya kuitoa ni Muingereza John William Strutt, aliyezaliwa tarehe 12 Novemba 1842 huko Essex, katika jamaa tajiri ya mashamba. Utotoni alikuwa mgonjwa-mgonjwa, masomo yakakatika mara nyingi. Hata hivyo, mwaka wa 1865 alitoka wa kwanza kwa hesabu huko Cambridge.

Mwaka wa 1871 alieleza juu ya nini mbingu ni ya buluu. Chembe ndogo sana za hewani zinatawanya mwanga wa jua, na buluu inatawanyika kupita nyekundu: wimbi la mwanga likipungua nusu, mtawanyiko unaongezeka mara 16. Mwaka wa 1899 alionyesha kwamba hewa yenyewe, bila vumbi, inatosha kufanya ile kazi.

Nyuma ya ndoa yake ugonjwa ulikaribia kumuua. Akaenda Misri kupumzika, na ku mto Nile akaanza kuandika kitabu kikubwa juu ya sauti. Baba yake alipokufa mwaka wa 1873, alirithi cheo cha Lord Rayleigh. Alifanya utafiti mwingi nyumbani kwake Terling. Mwaka wa 1894, yeye na William Ramsay waligundua gazi ya argoni. Alipata tuzo la Nobel mwaka wa 1904, na zile pesa akaziachia chuo kikuu cha Cambridge. Alikufa tarehe 30 Juni 1919.

Kuna jambo moja lilimpita. Alifikiri buluu ya bahari ni mbingu tu inayojionyesha mu maji, kama mu kioo. Mwaka wa 1921 Muhindi C. V. Raman alionyesha kwamba maji nayo yanatawanya mwanga. Ule mwanga wa maji wenyewe ndio satelite inatafuta.

Leo kompyuta inapiga hesabu ya Rayleigh kwa kila picha. Inaangalia jua liko wapi na ziwa liko juu kiasi gani: Kivu iko karibu metre 1.460, Tanganyika karibu 770, kwa hiyo hewa iliyo juu yao si sawa. Lakini moshi wa kuchoma mashamba wakati wa kiangazi, na ule wa Nyiragongo, haufuati hesabu hiyo. Unabadilika kila siku. Ndiyo maana picha ikionyesha maji mabaya ao mazuri, bado inafaa mtu aingie mu pirogi, achote maji, yapimwe.