Beryl Markham na Shule ya Njoro Isiyokuwa na Ubao

Michezo ya Bonde la Ufa ikitajwa, fikira zetu huwaendea mara moja wanariadha wa mbio ndefu. Ni haki yao. Hata hivyo, nachelea kwamba walimu na wanafunzi wa Nakuru, Njoro na Molo wamemsahau mtu aliyekula jasho la mchezo katika nyanda hizi kabla ya mashujaa wetu wengi kuzaliwa. Mtu huyo ni Beryl Markham, mkufunzi wa farasi wa mashindano.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne hivi. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mlowezi aliyefungua shamba huko Njoro, akaweka kinu cha unga na kufuga farasi. Mama yake hakuyavumilia maisha hayo. Alirudi kwao na kumwacha binti kwa babaye. Basi mtoto akalelewa na mabanda ya farasi pamoja na majirani Wakalenjin. Mwenzake mkubwa alikuwa Kibii, ambaye alipotoka jandoni aliitwa arap Ruta. Wakifuatana na wakubwa wa Kibii, walijifunza kuwinda kwa mkuki na kusoma nyayo za wanyama. Beryl alipopelekwa shule Nairobi hakudumu, alifukuzwa.

Kisha mambo yakamwendea baba kombo. Alikuwa ametia sahihi mikataba ya kuuza unga kwa bei isiyobadilika. Ukame ulipokuja, nafaka ikapanda bei, naye akafilisika na kwenda Peru kutafuta riziki. Binti alibaki. Akiwa hajatimiza miaka 20 alipata leseni ya ukufunzi, mwanamke wa kwanza kuipata nchini. Alianzia Molo, akashuka Nakuru, na mwaka wa 1926 farasi wake Wise Child, aliyekuwa na kasoro ya miguu, akashinda mbio za St. Leger mjini Nairobi.

Dunia humkumbuka kwa jambo jingine. Alijifunza urubani mwaka wa 1931, na Septemba 1936 akaruka peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akapambana na upepo wa Atlantiki kwa muda wa saa 21 na ushei, hata mafuta yakakwama na ndege ikaanguka kwenye kinamasi cha Nova Scotia. Hakuna mwanamke aliyewahi kuvuka bahari hiyo peke yake kwa upande huo kabla yake. Lakini safari ile ilikuwa ya usiku mmoja. Farasi walikuwa kazi ya maisha. Aliporudi Kenya miaka kadhaa baada ya vita vya pili vya dunia, alirejea mabandani, akashinda Derby ya Kenya mara sita. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Je, tunajifunza nini? Wako watakaosema kwamba maisha haya yanathibitisha kuwa shule si kitu. Mimi sikubaliani nao. Beryl alisoma sana; ila darasa lake lilikuwa banda, na walimu wake walikuwa baba yake na wale waliowalisha na kuwasugua farasi alfajiri. Kipaji hakikuota chenyewe kama uyoga. Kilifundishwa.

Na hapa ndipo penye uchungu. Arap Ruta alimfuata kutoka banda hadi banda, na baadaye akamhudumia hata katika kazi ya ndege. Beryl alivunja kizuizi kilichowazuia wanawake, lakini kizuizi cha rangi kilibaki palepale. Nyanda hizi zilitengwa kisheria kwa walowezi, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua. Jina la mkufunzi likaandikwa kwenye vikombe. Majina ya masaisi hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa historia wa Njoro na Nakuru: wafundisheni wanafunzi habari za Beryl Markham, kwani ni za kwetu pia. Halafu watumeni vijijini kwa wazee ambao baba zao walifanya kazi katika mashamba yale, wayaandike majina ya masaisi kabla hayajafuata wenyewe kaburini. Sifa ya mshindi haipungui kwa kuwataja waliomshikia hatamu.