Mwenyeheri Anuarite: Taa Yenye Mafuta

Tumeona ni vema kurasa hizi zitaje pia maisha ya Anuarite Nengapeta, binti wa Wabudu, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Wengi wetu tunajua usiku wa kufa kwake. Katika mafundisho husimuliwa usiku ule peke yake, kana kwamba ushujaa ulimshukia ghafula kutoka mbinguni. Sisi tunaona sivyo. Bikira mwenye hekima hatafuti mafuta usiku wa manane. Huwa ameyaweka mchana.

Alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939. Jina lake mwenyewe lilikuwa Nengapeta. Lile la Anuarite lilikuwa la dada yake, likaandikwa kwa makosa shuleni, naye akabaki nalo hadi leo. Mwaka wa 1943 alibatizwa kwa jina la Alphonsine. Baba yake alimwacha mama kwa sababu alizaa wasichana tu. Jambo hilo lilimchoma moyo mtoto, lakini alimsamehe baba yake. Tuliweke akilini jambo hilo, maana kusamehe kwake hakukuanza mbele ya bunduki.

Alipotamani utawa, alipanda kwa siri kamioni iliyowachukua wasichana kwenda Bafwabaka kwa masista wa Jamaa Takatifu, pasipo ruhusa ya mama yake. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Baadaye mama alitaka arudi nyumbani kusaidia jamaa. Yeye alibaki na nadhiri zake.

Na huko Bafwabaka alifanya nini? Alifundisha watoto, alitunza sakristia, alipika. Hakuna la kushangaza hapo! Kuna mama wangapi katika parokia hii ambao hufua vitambaa vya altare na kupika chakula cha wageni, wala hakuna anayewataja? Sista huyu alikubali kazi ambazo wengine hawakuzipenda. Alikuwa na daftari ndogo ya kuandikia makusudi yake mbele ya Mungu, na katika mfuko wake alichukua daima sanamu ndogo ya Bikira Maria. Hivyo ndivyo alivyokesha, siku kwa siku, kati ya sufuria na mishumaa.

Mwaka wa 1964 maasi ya Wasimba yalienea katika nchi ya mashariki. Tarehe 29 Novemba walifika Bafwabaka. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Kanisa lilisoma waraka wa Mtume Paulo kwa Waroma unaowahimiza waamini kuamka usingizini. Masista walipakiwa katika kamioni, wakaambiwa kwamba wanapelekwa Wamba. Lakini njia ikageuzwa, wakafikishwa Isiro.

Huko Kolonel Ngalo alitaka kumfanya Anuarite mke wake. Alikataa. Mama Mkubwa wao, Léontine Kasima, alieleza kwamba masista wamejitoa kwa Mungu, lakini hawakumsikiliza. Usiku Kolonel Olombe alitaka kumchukua kwa nguvu pamoja na Sista Bokuma Jean-Baptiste. Wote wawili walipigwa vibaya, Bokuma akavunjwa mkono. Anuarite alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hakujua alilolitenda. Ndipo askari wakamchoma kwa visu vya bunduki, na Olombe akampiga risasi. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Zilibaki wiki nne tu atimize miaka 25.

Masista wenzake waliiona asubuhi wakiwa watawa bado.

Olombe hakufa katika vita vile. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri, na mbele ya umati wa watu alimsamehe muuaji kwa jina la Kanisa lote. Wazazi wa Anuarite walikuwa hai bado siku ile. Mwili wake umelazwa Isiro, katika kanisa kuu, na kila tarehe 1 Desemba mahujaji hufika hapo kusali.